Ufa Kilimani: Kutafuta Chanzo cha Mteremko Unaosogea Mwanza

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, mpangaji au kiongozi wa mtaa anayeishi kwenye vilima vya Mwanza, ambaye ameona jambo lisilo la kawaida ukutani, uani au kwenye jabali lililo juu ya nyumba yake, na anataka kujua kama ni kasoro ya ujenzi tu au ni kilima chenyewe kimeanza kusogea. Watu wengi huitaja mvua kuwa ndiyo chanzo, na kweli maporomoko mengi hutokea wakati wa mvua. Lakini vilima vya Igogo, Mabatini, Isamilo na Bugando vimenyeshewa vuli na masika tangu kabla mji haujakuwapo, na vilikuwa vimesimama. Kilichobadilika ni matumizi ya ardhi: vichaka vimefyekwa, miguu ya vilima imekatwa ili kupata viwanja, mawe yamepasuliwa kwa ajili ya kokoto, na maji ya paa, bafu na vyoo yameelekezwa mahali ambapo awali hayakuwa yakipita. Kwa hiyo kila dalili inayoelezwa hapa itafuatiliwa hadi kwenye swali moja, yaani ni nini kilichobadilika juu ya kiwanja, ndani yake au chini yake, na maji sasa yanapita wapi.

Kabla ya dalili yoyote: tambua kilima chako

Vilima vya Mwanza ni vya mwamba wa granaiti. Mwamba huo huoza taratibu kupitia nyufa zake, ukageuka udongo wa changarawe na mchanga, huku viini vyake vigumu vikibaki kama majabali ya mviringo yaliyozama nusu katika udongo huo au yaliyokaa juu ya mengine. Ndiyo maana hapa kuna hatari mbili tofauti ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni udongo mwembamba uliolala juu ya mwamba kuteleza ukishiba maji. Ya pili ni jabali kubingirika kwa sababu udongo au mawe madogo yaliyolishikilia yameondolewa. Nyumba moja inaweza kukabiliwa na zote mbili, lakini tiba zake hazifanani.

Pima pia ukali wa mteremko, kwa kuwa macho hudanganya. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1 na pima maji ya fundi. Weka ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu, usawazishe mpaka povu likae katikati, kisha pima kutoka ncha ya pili kushuka hadi ardhini. Sentimita 36 ni nyuzi 20 hivi. Sentimita 47 ni nyuzi 25. Sentimita 58 ni nyuzi 30. Maporomoko mafupi ya udongo hutokea sana kwenye miteremko ya nyuzi 20 hadi 40. Mteremko ukizidi hapo, mara nyingi udongo wenyewe huwa mchache na hatari inayobaki ni ya mawe. Pima sehemu kadhaa, hasa nyuma ya nyumba na juu yake, kwa sababu kiwanja kilichosawazishwa huwa tambarare mbele na ukuta wa udongo nyuma.

Dalili: nyufa kwenye kuta, na milango isiyofunga

Fundi akiitwa, mara nyingi atasema, “Mama, huu ni ufa wa lipu tu, tutauchimbua na kuuziba.” Pengine ni kweli. Lipu iliyokauka haraka hupasuka nyufa nyembamba zisizo na mpangilio maalumu, ambazo hazivuki tofali. Nyumba isiyo na mkanda wa zege juu ya madirisha hupasuka kuanzia pembe za dirisha. Msingi uliokaa nusu juu ya jabali na nusu juu ya kifusi, jambo la kawaida sana kwenye vilima hivi, hupasua ukuta mahali hasa ambapo mwamba unaishia, kwa sababu upande wa kifusi hushuka na upande wa jabali haushuki. Hayo yote ni matatizo ya nyumba.

Tatizo la kilima lina tabia nyingine. Ufa hutoka ukutani, ukashuka sakafuni, ukatokeza uani, na ukiufuata utauona tena kwenye ukuta wa uzio au kwenye ngazi ya jirani. Milango iliyokuwa ikifunga vizuri huanza kukwama, na hukwama zaidi baada ya mvua za siku kadhaa mfululizo. Baraza huachana na nyumba. Bomba la maji hukatika mahali palepale kila likitengenezwa.

Ili kutofautisha, usizibe kwanza. Chora kwa penseli mstari mfupi unaokata ufa, na andika tarehe pembeni. Weka alama nyingine kwenye ncha ya ufa, halafu bandika kipande chembamba cha kioo kwa simenti kikiwa kimevuka ufa. Kioo hakinyumbuki, kwa hiyo mwendo mdogo tu utakipasua. Uani, pigilia vigingi viwili vya nondo, kimoja kila upande wa ufa, na pima umbali kati yake kwa futi ya chuma kila wiki, na kila siku wakati wa masika. Ukuta ulioshuka mara moja na kutulia hautavunja kioo cha pili. Ukuta ulio juu ya ardhi inayotembea utavunja kila kioo utakachoweka, na hapo kuziba ufa hakutasaidia lolote isipokuwa kuficha kipimo chako.

Dalili: ufa ardhini uliopinda kama upinde, juu ya nyumba

Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayoonekana na wachache, kwa kuwa hutokea kichakani au shambani, mita kadhaa juu ya nyumba ambako hakuna mtu anayepita. Ufa huwa mrefu, umepinda, na ncha zake mbili zimeelekea chini ya kilima. Upande wa chini wa ufa unaweza kuwa umeshuka kidogo, hata ngazi ndogo ikajitokeza. Maana yake ni kwamba kipande kizima cha udongo kimekwishaachana na kilima na kinashikiliwa na msuguano tu.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguzwa ni mguu wa mteremko. Mtu akichimba kilima ili kupanua kiwanja, huwa ameondoa udongo uliokuwa ukiubeba udongo wa juu. Kiangazi ukuta huo wa udongo husimama wima vizuri sana, kwa sababu unyevu mdogo ulio kati ya chembe za udongo huzishikanisha. Hali hiyo huwapa watu matumaini ambayo hayana msingi. Udongo ukishiba, nguvu hiyo hutoweka, na maji yaliyojaa kati ya chembe huanza kuzisukuma ziachane. Udongo uleule, kwa mwinuko uleule, huwa umepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kujishikilia. Mara nyingi aliyechimba si yule ambaye ufa uko kwenye kiwanja chake bali ni jirani wa chini, na mashauri ya mtaa huchelewa kwa sababu kila mmoja anaangalia mpaka wake.

Hatua ya haraka ni kuuziba ufa huo wa ardhini kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, au kuufunika kwa turubai, ili maji ya mvua yasiingie moja kwa moja hadi kwenye sehemu inayoteleza. Juu ya ufa uchimbwe mtaro wa kukinga maji, usakafiwe, na uelekezwe kwenye mfereji halisi, usiishie kwenye kiwanja cha mwingine. Mtaro usiosakafiwa ni hatari kuliko kutokuwa na mtaro, kwa kuwa hukusanya maji na kuyazamisha mahali pabaya kabisa. Hapa niseme jambo ambalo wataalamu wa kilimo hawalipendi sana: mitaro ya kuzamisha maji ardhini, ambayo inasifiwa kwa haki mahali penye mmomonyoko na ukame, inaweza kuongeza hatari ya poromoko kwenye mteremko mkali wenye udongo wa kina. Kuzuia mmomonyoko na kuzuia poromoko ni kazi mbili. Ya kwanza hutaka maji yaingie ardhini. Ya pili hutaka yaondoke.

Dalili: ukuta wa mawe wa kuzuia udongo umefura

Tembea Mwanza mjini baada ya mvua na utaziona kuta hizi kila mahali, zimejengwa kwa mawe mazuri yaliyochongwa, na katikati zimetoka mbele. Wengi hufikiri ukuta ulikuwa mwembamba. Wakati mwingine ndivyo, lakini angalia kwanza matundu ya kutolea maji. Kama hayapo, au yapo lakini yamezibwa na udongo, mizizi na mifuko ya plastiki, ukuta huo haukujengwa kuzuia udongo tu, umegeuzwa bwawa. Maji yaliyosimama nyuma yake husukuma kwa nguvu inayoongezeka kadiri yanavyopanda, na hakuna fundi anayelikadiria shinikizo hilo kwa macho.

Zibua matundu kwa nondo. Yakitoa maji mengi siku nyingi baada ya mvua kukoma, chanzo si mvua, na sehemu inayofuata ndiyo inayokuhusu. Yasipotoa chochote ingawa ukuta una unyevu, huenda nyuma hakuna kokoto za kuchujia, bali kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa. Ukuta uliofura usiegemezwe magogo na kusahauliwa, wala usiongezewe kimo. Ondoa udongo nyuma yake kuanzia juu kwenda chini wakati wa kiangazi, kisha jenga upya ukiwa na tabaka la kokoto na matundu.

Dalili: maji mahali ambapo hayakuwapo

Chemchemi mpya chini ya kilima, sakafu inayotoa unyevu kiangazi, majani mabichi mahali pamoja tu wakati kwingine pamekauka, au kisima kilichokuwa na maji meupe sasa kina tope: dalili hizi husema kwamba njia ya maji ndani ya kilima imebadilika. Kinyume chake pia ni dalili. Chemchemi iliyokauka ghafla katikati ya masika inaweza kuwa imezibwa na udongo uliosogea, na maji yake yanajikusanya ndani.

Hesabu ndogo husaidia kuona ukubwa wa jambo hili. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la nyumba lenye mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 50 humwaga lita 4,000, na nyumba kumi zilizopangana juu yako humwaga lita 40,000, zote kwenye vichochoro viwili au vitatu. Kabla ya nyumba hizo maji hayo yalitawanyika kwenye majani na changarawe.

Jambo lisilotazamwa kabisa ni maji ya matumizi. Chukua familia ya watu sita wanaotumia lita 40 kila mmoja kwa siku, yote yakiishia kwenye karo au choo cha shimo kisichosakafiwa. Kwa mwaka hizo ni lita 87,600. Kiwanja kikiwa na mita za mraba 400, ni sawa na kukiongezea milimita 219 za mvua kila mwaka, tena zikizama ndani moja kwa moja bila kukauka juu. Mtaa wa kilimani ukipata bomba la maji kabla ya kupata mfumo wa majitaka, kilima hupata msimu wa tatu wa mvua usio na kiangazi. Sisemi bomba lisipelekwe. Nasema bomba na njia ya majitaka vipelekwe kilimani kwa pamoja.

Kwa uchunguzi, funga koki zote usiku na usome mita ya maji kabla ya kulala na alfajiri. Mita ikiwa imesogea, una bomba linalovuja chini ya ardhi, na mamlaka ya maji ijulishwe siku hiyo hiyo. Kama mita haikusogea na unyevu upo, mwage rangi ya chakula kwenye karo lako, kisha mwombe jirani wa juu afanye hivyo kwa rangi nyingine, mkaangalie ni ipi inayotokea chini. Gata kwenye mapaa na tanki la kukinga maji ni tiba rahisi kuliko zote zilizotajwa humu, ilimradi tanki likijaa maji ya ziada yapelekwe mferejini kwa bomba, na tanki lenyewe lisiwekwe ukingoni mwa mteremko: lita 5,000 ni tani 5.

Dalili: jabali limebadilika

Jabali la granaiti lenye kipenyo cha mita 2 tu lina uzito wa takriban tani 11, na kuna familia zinazolitumia kama ukuta wa nyuma wa jiko. Lililokaa kwa maelfu ya miaka laweza kukaa tena maelfu. Swali ni kama makalio yake yameguswa.

Tazama pale jabali linapokutana na udongo. Jiwe lililokaa siku nyingi lina rangi ya kijivu iliyokolea na kuvu hadi chini kabisa. Ukiona mkanda wa jiwe safi, lenye rangi nyepesi, juu tu ya usawa wa udongo, ama udongo umeshuka ama jiwe limesogea. Ukiona mwanya wa upinde upande wa juu wa jabali, limeanza kuegemea chini. Changarawe mbichi inayomwagika upande wa chini ni dalili kwamba maji yanaulainisha na kuuondoa udongo unaolibeba.

Vyanzo vya kibinadamu vinajulikana mtaani. Mawe madogo yaliyokuwa kabari hukusanywa kwa ajili ya msingi. Udongo wa chini huchimbwa kwa ajili ya tofali au kupanua ua. Wapasua kokoto huwasha moto wa magogo au matairi juu ya jiwe ili lipasuke, na joto hilo halichagui: hupenya hadi kwenye nyufa za jiwe jirani linalobeba lingine. Mzizi wa mkuyu ulioingia kwenye ufa nao unahitaji kupimwa kwa akili. Mti uliomea kwenye udongo huushikilia udongo, lakini mti uliomea kwenye ufa wa mwamba huupanua ufa unavyonenepa. Hata hivyo usiukate kwa haraka, maana huenda kwa sasa mzizi huo ndio unaokifunga kipande chenyewe.

Usichonge, usichimbe chini, usiwashe moto. Geuza maji yasifike kwenye makalio ya jabali, hamisha kitanda na jiko kutoka upande wa chini, na omba mhandisi wa halmashauri aamue kama litegemezwe kwa zege au lipunguzwe kuanzia juu.

Dalili isiyoonekana: kilima kilichofyekwa zamani

Kuna mtu atakayesema miti ilikatwa miaka mitano iliyopita na hakuna kilichotokea. Ndivyo inavyotarajiwa. Mizizi haifi siku shina linapokatwa. Huoza taratibu, na udongo hupoteza nguvu yake kidogo kidogo. Kipindi kibaya huanza miaka michache baada ya kufyeka, wakati mizizi ya zamani imeoza na mipya, kama ipo, haijakomaa. Kwa hiyo unapotafuta chanzo, usiulize ni nini kilifanyika mwaka huu tu, waulize wazee kilima kilikuwaje.

Mfano ulioandikwa vizuri nchini ni wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, Februari 1970. Mvua iliyozidi milimita 100 ndani ya saa chache ilisababisha maporomoko zaidi ya 1,000, karibu yote yakianzia kwenye mashamba na nyasi, na machache mno yakianzia penye miti. Lakini tusiigeuze miti kuwa hirizi. Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, kipande cha mlima chenye miamba dhaifu kilichonyonya maji kilimeguka, na tope lililoshuka Katesh liliua watu zaidi ya 80. Mizizi hufika mita moja au mbili tu kwa wingi; poromoko linaloanzia chini ya hapo haliisikii.

Kwenye mteremko ulio wazi, panda nyasi za vetiva au mabingobingo kwa mistari inayokata mteremko, pamoja na miti yenye mizizi mirefu, huku ukiiacha mikubwa mbali na ukingo wa sehemu iliyokatwa. Anayelima asitengeneze matuta yaliyoelekea chini. Kisiwani Ukara, ambako ardhi ni finyu na watu ni wengi, wakulima walikwisha kuonyesha kwa vizazi vingi kwamba kulima mteremko kunawezekana kwa makingamaji ya mawe na kazi ya kuyatunza kila msimu.

Miti na nguzo za umeme zilizoinama upande mmoja huthibitisha tu yaliyokwisha kusemwa. Nguzo ikiinama, toa taarifa TANESCO, usiivute mwenyewe.

Wakati wa kuacha kuchunguza na kuondoka

Mvua imenyesha siku kadhaa, na usiku unasikia mawe yakigongana au ngurumo ya chini isiyo ya radi. Au ufa wa uani umepanuka ndani ya saa chache. Au kijito, kwa mfano Mto Mirongo au mkono wake, kimepungua ghafla wakati mvua inaendelea. Hili la mwisho humaanisha huenda kimezibwa juu na kitashuka kwa kishindo. Ondokeni kwa kwenda pembeni, msishuke moja kwa moja kufuata bonde, na msivuke mfereji uliojaa. Piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, kisha mjulishe mwenyekiti wa mtaa ili majirani wa chini waamshwe, kwa maana wao ndio walio njiani. Msirudi kuchukua vyombo mvua inapopumzika: kipande kilichobaki juu huwa hakina tena kinachokishikilia, na huweza kufuata saa au siku chache baadaye.

Kiwanja kisicho na tiba

Vipo viwanja ambavyo hakuna mtaro wala ukuta utakaovitosha: vilivyo chini ya rundo la majabali yaliyopandana, vilivyo mdomoni mwa korongo, au vilivyotengenezwa kwa kifusi kilichomwagwa ukingoni. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataja miteremko mikali, pamoja na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa, miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Anayenunua kiwanja kilimani kwa bei nafuu na aende kwanza kwa afisa mipango miji wa halmashauri, akiwa na vipimo vya mteremko na picha za sehemu ya juu ya kiwanja, kabla ya kulipa chochote. Aliyekwisha kujenga apeleke kumbukumbu za vigingi na vioo vyake zikiwa na tarehe, kwa sababu mhandisi akiona mwendo wa ufa wa miezi mitatu ataamua kwa haraka na kwa uhakika zaidi kuliko akioneshwa ufa uliozibwa jana.